Bangili za Tabisa

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Bwera, mlango nimeufunga kwa ndani maana sitaki mtu wa nyumba hii aone, na ninaomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu waliokwisha kunihukumu wanatosha. Ukichapisha barua hii, tafadhali badilisha majina.

Naitwa Mariat, nauza vitenge sokoni. Mume wangu Wahab ni dereva wa lori, au niseme alikuwa dereva, alikuwa anachukua vitunguu kwa wakulima wa Mubuku anavileta huku mpakani, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomeshea watoto, mpaka mwaka jana kiharusi kilipompiga akiwa anatawadha, na tangu siku hiyo mkono wa kulia haufanyi kazi, mguu anauburuta, mdomo umeshuka upande mmoja na maneno yanatoka kwa shida, neno moja leo, jingine mpaka kesho kutwa.

Tulipotoka hospitali daktari alituambia mafuta basi, na chumvi tupunguze, kwa hiyo mwanangu Shakib anayefanya kazi katika duka la vyombo vya umeme Kampala akatuletea ile mashine ya kukaanga kwa hewa moto, wao wanaiita eafraya, akaiweka mezani akaniambia, "Mama, humu baba atakula vya kukaanga kama zamani." Siku hiyo nilifurahi, mshauri. Nikakaanga viazi, nikakaanga samaki, nikakaanga kuku, vyote vikatoka vizuri, na vyote mume wangu alivibana shavuni, akakohoa, akageukia ukutani. Nikasema labda anataka vyepesi, nikampikia uji, mwepesi kabisa, akaukohoa mpaka ukamtoka puani. Nilimpondea matoke siku moja akala kidogo, lakini mimi niliona anakula kwa kunionea huruma tu, mtu mzima kulishwa kama mtoto, nikaacha. Sasa amekonda hata saa yake inateleza mpaka kwenye kiwiko, na mimi kila nikimwekea sahani najiona nimekosea kitu ambacho sikijui.

Alasiri moja alinishika kitambaa cha gauni akaniambia, "Bangili." Nikanyoosha mkono nimwonyeshe bangili zangu, nikadhani anataka nizivue maana zinapiga kelele nikimwosha. Akatikisa kichwa. Akajikusanya, jasho likamtoka, akasema, "Bangili. Tabisa."

Mshauri, wewe ni mwanamke, huhitaji nikueleze nilivyosikia. Mume amelala hawezi hata kuvaa shati mwenyewe, na neno alilolitafuta kwa nguvu zake zote ni jina la mwanamke na vito alivyomnunulia. Sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kathembo, aliyekuwa utingo wake, nikamuuliza Tabisa ni nani. Akaangalia chini. "Mama, huyo iko Kikorongo, anauza chakula," akasema, akawa anataka kuendelea, lakini mimi nilikuwa nimeshageuka.

Kesho yake nikaenda Kikorongo, nikiwa nimeyapanga maneno yote. Pale njia panda malori yamepangana, madereva wanakula, na nilipouliza nikaonyeshwa mama mnene, mkubwa kwangu kwa umri, jino la mbele hana, amesimama kwenye karai la mafuta. Nikamwambia mbele ya watu, "Nimefuata bangili ambazo mume wangu alikununulia."

Hakukasirika. Alichukua sahani akanisogezea. Vilikuwa vitunguu, mshauri, vimekatwa pete pete, vimechovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa mpaka vimekuwa rangi ya dhahabu. "Bangili ni hizi," akasema. "Ni dereva walizipatia hiyo jina. Kula kwanza. Bwana yako ni nani?"

Nikasema Wahab, wa lori la vitunguu.

Akaweka kijiko chini. Akasema, "Basi wewe iko Mama Asmah."

Hapo nikaketi kwenye benchi iliyokuwa nyuma ya karai. Asmah alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Alikufa kwa homa akiwa bado anang'oka meno ya utoto, baba yake yuko safarini, simu haikupatikana, na sisi hatukai na maiti, tukamzika. Alipofika alikuta udongo. Akaosha lori, akarudi barabarani. Jina hilo halikutajwa tena nyumbani kwetu, watu wakaanza kuniita Mama Shakib na yeye wakamwita Dereva, nami nikafuata, nikaamini ndivyo mwanamume anavyosahau, nikawa namchukia kidogo kidogo kwa hilo miaka yote bila kumwambia.

Kumbe hakusahau. Tabisa aliniambia, "Alikuwa anakulaka hapa kila safari, anakaa kwa hii benchi umekalia, anaongea juu ya mutoto. Vile alikuwa anapenda kuvaa pete za vitunguu kwa vidole, baba akifungua gunia. Mimi nilimuita Baba Asmah, akakubali. Mama, hakuna kitu ingine. Mimi niko mujane, na nilizika wawili."

Nilikuwa nimeshatafuna moja, na ilikuwa tamu, ilivunjika mdomoni kama kitu cha kuokwa. Nikamuuliza anafanyaje. Akachukua chupa ya bia akaimimina kwenye unga mbele ya macho yangu. Nikatoka nje nikatema. Niliporudi nikamuuliza, "Wahab alijua?" Akasema, "Hakuniuliza, na mimi sikumwambia, chupa iko kwa meza kila siku, nilidhani wote wanaona." Nikarudia, alijua? Akasema, "Sijui, mama. Nisikudanganye."

Nilirudi nyumbani nikajaribu kwa maji matupu, kwenye mashine ya Shakib kwa sababu ya mafuta yale tuliyokatazwa. Rojo lote lilidondoka chini likaungua, vitunguu vikabaki uchi, vimekauka kama ngozi ya kiatu. Nikajaribu tena na tena. Iliyokuwa afadhali nikampelekea. Alipoiona alitabasamu upande ule unaotabasamu, akaipokea kwa mkono wake mzima, akatafuna, kisha akakohoa mpaka macho yakawa mekundu na machozi yakamwagika, akaisukuma sahani ikaanguka. Nikajua hakutaka za mkono wangu.

Basi, mshauri, nilikwenda duka la mbali ambako hawanijui, nikanunua bia, mimi ambaye sijawahi kuishika, nikaificha kwenye gunia la makaa nikisema nitafikiria. Sikuitumia. Wifi yangu Hidayah alikuja kusaidia kupika, akatia mkono kwenye makaa, akatoka nayo uani akaiinua juu. "Ndiyo maana kaka yangu anakonda," akasema. "Mke anakunywa."

Ningesema nini? Nikisema bia ni ya rojo, wataniuliza nani alikufundisha, nitasema Tabisa, na wataniuliza Wahab alikuwa anakula hayo miaka mingapi. Mume wangu aliwahi kuwa mweka hazina wa msikiti. Hawezi kujitetea, hawezi hata kusema hapana. Nikanyamaza. Hidayah aliimwaga chupa kwenye mtaro, na toka hapo sahani zangu haziguswi, wanamlisha wenyewe uji wao, na shemeji yangu mkubwa, Muhammed, amesema Ijumaa baada ya swala watakuja kumchukua wampeleke kwao Munkunyu, akauguzwe na watu wenye heshima.

Naomba uniambie nifanye nini. Nimwage siri ya mtu asiyeweza kusema, au nikubali kuitwa mlevi na nimpoteze? Nimpikie zile za bia afe ameonja alichokitaka, au nimnyime? Na kama hizo bangili zinaweza kutoka kavu kwenye mashine bila bia na bila mafuta, nifundishe, maana nimeshindwa. Lakini kinachoninyima usingizi si hicho. Nililala naye kitanda kimoja na msiba mmoja, na maneno yake akayapeleka Kikorongo kwa mama wa karai. Nilikuwa na kasoro gani? Nimechoka, mshauri. Kuna asubuhi natamani kisimame tu kila kitu.

Mariat, Bwera


MSHAURI ANAJIBU

Mama Asmah,

Majina nimeyabadilisha ulivyoomba, isipokuwa la mtoto. Hilo limefichwa vya kutosha.

Barua yako ilinifikia imechelewa. Nilipopiga namba uliyoandika ulinipokea mwenyewe ukaniambia wameshamchukua, na mashine imebaki mezani na wewe. Nikakuambia nenda Munkunyu upesi, nikaanza kukueleza sababu, ukasema, "Huko sina uso wa kuonyesha," ukakata simu. Tangu hapo hupokei. Ndiyo maana nakujibu gazetini, na nitasema wazi.

Mume wako hakatai chakula chako. Anapaliwa. Isome barua yako kama imeandikwa na mtu mwingine: anabana chakula shavuni, anakohoa, uji unamtoka puani, machozi yanamwagika, lakini matoke ya kupondwa anakula. Kiharusi kilicholaza mdomo kinaweza kulaza na koo. Nilimsomea maneno hayo afisa wa afya ninayemwamini, anaitwa Sam, na kabla sijafika mwisho alishasema: apimwe kumeza, haraka, na mtu yeyote asimpe kitu chepesi kama maji kabla ya hapo, kwa sababu chepesi ndicho kinachokimbilia kwenye mapafu. Aliyewapa habari za mafuta na chumvi akasahau habari za koo ana lawama yake. Lakini na wewe, dada yangu, mtu akikohoa mpaka macho yanakuwa mekundu humwulizi kama anakupenda, unamkimbiza hospitali. Ile bangili moja uliyompa ingeweza kumuua mikononi mwako. Nakugombeza kwa kuwa wote waliokugombeza mpaka sasa walikugombeza kwa kosa ambalo hukufanya.

Umeelewa sasa kwa nini nakuambia uende? Huko Munkunyu kuna watu wazuri, wenye nia njema, wanaomlisha uji mwepesi asubuhi na jioni, na wanadhani wanamponya. Wewe peke yako katika ukoo mzima umeshaambiwa. Kuitwa mlevi kunauma, najua. Ila ukikaa Bwera kulinda heshima, yako au yake, utalinda heshima ya marehemu.

Kuhusu chupa, mwambie Hidayah maneno haya na usiongeze: "Niliinunua ili nimpikie kitunguu alichokitaka, nikaogopa, sikuitumia." Akiuliza Wahab alijua au hakujua, mwambie aliyempikia hajui, na wewe hujui. Ndio ukweli wote mlio nao. Mimi si shehe, hukumu yake siiwezi na wala si yako; ila siioni aibu ya mtu aliyekula alichowekewa bila kuambiwa. Wewe uliificha siri ambayo hata hujui kama ipo, na ukalipa kwa jina lako. Ilikuwa ni mapenzi, na ilikuwa ni upumbavu, yote mawili.

Umeniuliza ya jiko, nakujibu kwa sababu najua utahitaji mikono ifanye kitu. Bia haina uchawi. Kinachofanya kazi ni baridi na gesi. Tumia maji ya gesi yasiyo na sukari, yatoke kwenye friji wakati huohuo, na baking pauda kidogo. Kata kitunguu pete nene, uvue ile ngozi nyembamba inayoteleza ndani ya kila pete, kwa kuwa ndiyo inayolisukuma rojo lianguke. Paka unga mkavu kwanza, chovya kwenye rojo zito linalong'ang'ania kijiko, kisha galagaza kwenye chenga za mkate uliokauka. Mashine hiyo inapuliza, Mariat. Rojo likiwa bichi na jepesi litapeperushwa tu. Ziweke kwenye friji zishikane. Ipashe mashine moto kabla, panga pete zisigusane, zipake mafuta kwa ncha ya kidole, zigeuze mara moja. Zitavunjika mdomoni.

Lakini hizo ni za Shakib na wageni. Wahab hapewi mpaka anayepima koo aseme ndiyo, na huenda asiseme kamwe. Sitakudanganya kama Tabisa alivyokataa kukudanganya. Kiharusi cha namna hiyo, na mwili uliokonda hivyo, huenda amebakiwa na muda mfupi. Leo kitunguu chake ni kile kilichochemshwa mpaka kikalainika, kikapondwa na matoke yakawa mazito. Mketishe wima, mwekee kijiko kidogo upande ule mzima, ungoje ameze ndipo uongeze. Asilale mara baada ya kula. Huko ndiko kumlisha kama mtoto, ndiyo. Alikubali siku ile. Wewe ndiye uliyeona aibu.

Sasa lile linalokunyima usingizi. Umeuliza una kasoro gani. Ulimzika mtoto yeye hayupo, na kila alipokutazama aliona mtu aliyekuwepo. Kwa Tabisa hakuwa na deni hilo, angeweza kuongea na kupanda lori akaondoka. Haikuwa haki kwako. Ungekuwa mbele yangu ningekushika mkono na kulia na wewe, maana nimeona nyumba nyingi zilizonyamaza hivyo, na mara nyingi hazifunguki tena. Yenu imefunguliwa ufa, kwa bahati mbaya imefunguliwa wakati mmoja wenu hawezi kuongea. Kwa hiyo utaongea wewe. Mwambie ulikwenda Kikorongo. Mwambie uliketi kwenye benchi yake. Mwambie alivyokufa Asmah, aliuliza nini, nani alimwosha, alivalishwa nini. Hayo Tabisa hakuweza kumpa, unayo wewe tu, na amekuwa na njaa nayo kuliko njaa ya chakula. Hatakujibu. Huenda akageukia ukutani. Endelea kuongea na mgongo wake.

Tabisa mwombe aje kumwona siku moja, mchana, mbele ya wifi zako, avae vizuri. Asilete sahani.

Na hizo asubuhi unazotamani kila kitu kisimame, usizibebe peke yako. Mwambie Shakib kwa simu, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, aje nyumbani. Ni mtu mzima, na huyo anayekufa ni baba yake.

Shemeji yako akikuzuia mlangoni usibishane habari za pombe. Sema kwa sauti ipite ukutani: uji unampalia, unaingia kwenye mapafu, twendeni hospitali. Rudia mpaka mmoja wao aogope. Wakikutukana, rudia. Funga soko, beba ndizi za matoke, na kama sehemu ya barua hii imebaki hujaisoma, isome ukiwa njiani.

Ithungu, mshauri wako